Meza ya Mkangazi Ilipohamia Dodoma

Meza yetu ya kulia ilitengenezwa Dar es Salaam, kwa mbao za mkangazi, mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Nautaja mji, mti na mwezi mapema kwa sababu hivyo vitatu ndivyo vilivyoleta yote yaliyotupata. Ni meza ya watu wanane. Upana wake ni mita moja, na bao la juu limeungwa kwa mbao pana zilizolala bega kwa bega. Siku ilipoingizwa sebuleni, mama mkwe wangu aliipapasa kwa kiganja toka kichwa hadi kichwa, akamwambia mwanawe: "Hapa sasa hata hitima itasomwa." Baba watoto alikuwa ameidundulizia fedha muda mrefu. Alitaka mbao za kweli, si maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya rangi ya mti.

Karakana iliyoitengeneza siitaji jina. Ilikuwa na kazi nyingi, wateja walikuwa wamekaa juu ya magogo wakisubiri, na mbao zilikuwa zimeegeshwa ukutani nje, zimefunikwa turubai. Mume wangu alipouliza kama zimekauka, alijibiwa zimekauka. Juu pakapigwa vanishi ya kung'aa hata ukiinama unaiona sura yako. Chini hapakupigwa kitu.

Serikali ilikuwa imetangaza tangu mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na wizara moja baada ya nyingine zilikuwa zikifunga virago. Zamu yetu ilifika mwaka 2018, mwezi Mei. Tulipakia lori usiku, meza ikawekwa kwanza, miguu juu, imefungwa magodoro pande zote. Ilifika bila mkwaruzo hata mmoja.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka mzima ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Tena hiyo nusu huanguka kati ya Desemba na Aprili, ikimaliza imemaliza. Sisi tuliingia mvua zikiwa zimekata. Mtu aliyezoea joto la mvuke la pwani anaujua ukavu huu kwa ngozi yake kabla hajaambiwa. Nguo unayoanika mwanzo wa kamba inakauka wakati bado unahangaika na vibanio mwisho wa kamba. Midomo ya watoto ikababuka. Mama mkwe, mzaliwa wa Pangani ambaye miguu yake haikuwahi kujua magaga, akawa analala na soksi na mafuta ya mgando.

Vyombo vya ndani navyo vilianza kubadilika, ila hatukuunganisha jambo na jambo. Droo ya kabati, ambayo Dar es Salaam ulikuwa ukiivuta kwa mikono miwili huku umekanyaga kabati kwa mguu, sasa ilifunguka kwa kidole. Tukafurahi. Kitanda kikaanza kulia kila mtu akijigeuza. Mlango wa stoo ukawa na mwanya ambao panya mdogo angeweza kupita.

Usiku mmoja wa Julai, upepo ukivuma nje, ukasikika mlio sebuleni. Pa! Mlio mmoja, mkavu, kama wa tawi kuvunjwa gotini. Baba watoto aliamka na panga, akawasha taa zote. Binti yetu mkubwa akasimama mlangoni na ufagio. Mama mkwe alibaki chumbani akisoma Ayatul Kursii kwa sauti ya juu ili kama ni kiumbe asikie. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango umekomewa, hakuna kilichoanguka. Tukarudi kulala tukisikilizana pumzi.

Asubuhi, kitinda mimba wetu alikuwa akinywa uji huku akiitelezesha sarafu ya shilingi mia juu ya meza. Sarafu ikasimama wima. "Mama, meza imekula hela," akasema. Ufa ulikuwa umeanzia kichwa cha meza kinachotazama dirisha, ukaja ndani hadi karibu na katikati, umenyooka, na pale mwanzo wake uliweza kuishika sarafu kwa ubavu. Jirani aliyekuja kusalimia aliutazama, akashauri tuite shehe. Mume wangu aliutazama, akaenda dukani kununua gundi.

Niseme wazi, alifanya kazi nadhifu. Alikusanya unga wa msumeno, akauchanganya na gundi ya mbao hadi ukawa kama ugali mlaini, akaushindilia ndani ya ufa kwa kisu. Ulipokauka alipiga msasa, akapaka vanishi mara mbili. Ukiwa mlangoni usingeuona. Alituita wote tuje tushuhudie.

Mama mkwe hakuwepo. Alikuwa uani, ameinamia ndoo ya maji, jembe limesimama kichwa chini ndani yake. Kila aliyekulia shamba analijua jambo hili. Kiangazi mpini husinyaa, jembe linacheza, ukilima linaweza kuchomoka likamjeruhi mtu. Unaliloweka usiku kucha, ubao unakunywa, unavimba, jembe linakaza. Mwanawe alipomfuata huko aje kuona kazi yake, alimwambia bila kuinua uso: "Baba, mpini huu nauloweka ili uvimbe. Meza yako umeiziba wakati imekonda. Mvua zikija ikataka kunenepa, huo unga utakwenda wapi?"

Mume wangu alicheka, akasema gundi ya siku hizi ni imara. Ni kweli ilikuwa imara. Hilo ndilo lililoharibu.

Mvua zilianza Desemba. Mwishoni mwa Januari, baada ya siku kadhaa za mvua mfululizo, niliona unga ule wa gundi umejitokeza juu ya bao, mstari ulioinuka unaokwaruza mkono ukifuta meza. Baada ya hapo bao lenyewe likatuna katikati. Uji ukimwagika ulitiririka pande zote mbili, na mguu mmoja wa meza ukawa haugusi sakafu. Hatimaye kiungo cha upande wa pili, ambacho hakikuwa na tatizo lolote, kikaachia, na misumari miwili ikachomoza kutoka chini. Meza ilikuwa imevunjika kwa kiangazi, sasa ikavunjika kwa masika.

Hapo ndipo tulipoletewa fundi. Ni mzee seremala wa mtaani, mwenye penseli nyuma ya sikio na kibao mfukoni anachokigusagusa akiwaza. Alipokea shikamoo zetu, akakataa chai kwanza, akaomba meza igeuzwe miguu juu. Alikaa kimya akiitazama. Kisha akasema, "Mwanangu, hii meza haikupasuka. Imepasuliwa." Akaweka kidole juu ya kitu ambacho sote tulikuwa tumekiona siku ya kwanza na kukihesabu kuwa ndicho uimara wake. Chini ya bao palikuwa na mikingamo minne ya mbao nene, imelala kukata upana wa meza, imebandikwa kwa gundi toka mwanzo hadi mwisho, na juu ya gundi imepigwa misumari.

Maelezo yake nimeyabeba tangu siku ile, na nimekuja kuthibitisha kwamba ndiyo elimu yenyewe ya mbao. Maji ya mti ni ya namna mbili. Yapo yanayojaa ndani ya mirija yake. Hayo hutoka mapema, ubao unakuwa mwepesi lakini umbo lake halibadiliki. Na yapo yaliyoshikamana na kuta za mirija yenyewe. Unyevu ukishuka chini ya karibu asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, hayo nayo huanza kutoka, kuta zinakonda, na hapo ubao unaanza kusinyaa. Hausinyai sawasawa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, unasinyaa kidogo sana, kiasi kwamba fundi hana haja ya kukihesabu. Kwa upana ndiko kwenye kazi. Na huko kwenye upana, ubao uliopasuliwa kwa kuambaa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka gome kuelekea moyoni. Ndiyo maana seremala anayejua kazi huanza kwa kutazama kichwa cha ubao. Alitushika mkono mmoja mmoja, na watoto pia, tukaziona zile pete kwenye ncha ya meza, zimejikunja kama upinde. Ubao wa namna hiyo ukikauka, pete hutaka kunyooka, na ubao hujikunja kingo zake zikiinuka kuelekea upande uliokuwa na gome.

Hesabu ya meza yetu si ngumu. Mbao zilizozoea hewa ya Dar es Salaam hubaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 15. Zikiletwa Dodoma kiangazi hushuka kuelekea 10, pengine chini yake. Kwa upana wa mita moja, mkangazi ukipoteza asilimia 5 hiyo bao linataka kupungua karibu sentimita moja. Zetu, kwa kuwa zilitengenezwa masika na zilikuwa mbichi kuliko tulivyoambiwa, zilitaka kupungua zaidi. Sasa mikingamo ile minne imelala kwa urefu wake kukata upana wa meza, na urefu haupungui. Bao linasema nirudi ndani, mikingamo inasema hurudi. Usiku ule wa Julai bao lilichoka kuvutana, likaachia mahali palipokuwa dhaifu zaidi. Tukaziba ufa. Mvua zilipokuja bao likataka nafasi yake, likakuta pamejazwa.

"Na vanishi?" mume wangu aliuliza. "Haizuii unyevu kuingia?"

"Inauchelewesha," mzee alijibu. "Haiuzuii. Na nyie mmepaka juu tu, chini pako wazi. Upande mmoja unakunywa haraka, mwingine unakunywa taratibu. Unategemea ubao ukae sawa vipi?"

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, akaingilia. Kwao Pangani, alisema, chombo kikipandishwa pwani kikakaa muda mrefu juani, mbao zake zinaachana hata unaona mwanga. Kikirudishwa majini siku ya kwanza kinavuja, watu wanakesha wanakumba maji. Baada ya muda mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe na kalafati iliyo kati yake, na chombo kinakauka ndani. Wazee wanajua hilo, hawapigi kelele wala hawakimbilii misumari. Mzee fundi alimtazama kwa heshima, akasema, "Bibi amemaliza."

Nimeishi pwani miaka mingi na sikuwahi kuitazama milango ya Zanzibar kwa jicho hilo. Ile ya mtindo wa Kigujarati imegawanywa vibao vidogo vidogo vya mraba, kila kimoja ndani ya fremu yake. Mgeni huona urembo tu. Lakini kibao kidogo husinyaa kidogo, na kikikaa ndani ya mfuo wa fremu bila gundi kina mahali pa kwenda na kurudi bila kuuharibu mlango. Mlango wa nyumba tuliyopanga Dar es Salaam ulikuwa wa mbao pana zilizogongomewa tu. Kila masika ulikuwa ukikwama, mume wangu akaupiga randa ukingoni hadi ukafunga vizuri. Kiangazi kilipofika ukawa na mwanya wa kupitisha mjusi, na masika yaliyofuata ukakwama tena. Miaka yote ile tulikuwa tukiulaumu mlango.

Mzee alikubali kuitengeneza upya, kwa sharti kwamba asiharakishwe. Aling'oa misumari yote kwa koleo, akaibandua mikingamo kwa patasi na uvumilivu mwingi, akalipasua bao kufuata ufa wenyewe na kiungo kilichoachia. Mbao hakuzichukua karakanani kwake. Alizipanga sebuleni kwetu, kando ya ukuta, juu ya vijiti vyembamba vya unene mmoja ili hewa ipite juu na chini, akasema zikae pale hadi zizoee nyumba. Tulikula mkekani wiki nyingi. Watoto waliufurahia mkeka kuliko meza, na mama mkwe alisema hivyo ndivyo chakula kinavyoliwa.

Aliporudi, mvua zikielekea mwisho, alinyoosha kingo kwa randa ndefu, akizipambanisha mbili mbili na kuzitazama dhidi ya mwanga wa dirisha hadi usiweze kuona uwazi. Akaongeza ubao mwembamba wa mkangazi mkavu kufidia upana uliopotea. Kisha akaunga kwa gundi, ukingo kwa ukingo, akabana kwa klampu. Nilimuuliza kwa nini hapa gundi inafaa na kule chini haikufaa. Alisema mbao hizi zinakwenda upande mmoja, zinavimba pamoja na kusinyaa pamoja, hazigombani. Ugomvi huja pale unapoufunga ubao kwa mwingine unaoukata.

Chini ya bao hakurudisha mkingamo hata mmoja. Alichimba mfuo upande wa ndani wa fremu inayoshika miguu, akachonga vifungo vidogo vya mbao vyenye ulimi. Ulimi unaingia kwenye mfuo, mwili wa kifungo unakazwa kwa skrubu kwenye bao. Bao haliwezi kuinuka, lakini linaweza kuteleza. Vichwani mwa meza alitoboa fremu kwa kekee, akayarefusha matundu kwa patasi kufuata upana wa meza, akapitisha skrubu zenye washa bila kuzikaza sana. Katikati tu ndipo alipokaza skrubu moja kila kichwa, ili bao likitembea ligawanye safari yake pande mbili sawasawa. Na kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mvua, bao likiwa pana, aliacha nafasi ya kurudi ndani zaidi kuliko ya kwenda nje. Angefanya kazi hiyo Septemba, angeacha kinyume. Mwisho akapaka vanishi juu, chini, kingoni na vichwani, na vichwa akavirudia, kwa sababu vichwa vya ubao hunywa haraka kuliko mahali pengine popote.

Kabla hajaondoka alichora mstari wa penseli chini ya meza, kuambaa fremu. Septemba iliyofuata kifungua mimba wetu aliingia chini na rula. Bao lilikuwa limerudi ndani milimita tatu kila upande. Juu hapakuwa na ufa. Mwezi Februari lilikuwa limerudi kwenye mstari wake. Meza imekwenda na kurudi hivyo kila mwaka tangu hapo, na hakuna mlio uliotuamsha.

Si kila mbao hutembea sawa. Mninga husifiwa kwa utulivu wake, na mtiki nao ni mtulivu. Mkaratusi ni msumbufu, unataka subira kubwa katika kukausha. Plaiwudi imetulia kwa sababu tabaka zake zimebandikwa nyuzi zikikatana, kila moja ikiizuia jirani yake, na tabaka ni nyembamba kiasi kwamba gundi inazimudu. Kwa mgongo wa kabati haina mpinzani. Lakini anayetaka mbao nzima, mbao atakayowaachia wajukuu, hana budi kukubali kwamba itaendelea kunywa na kutoa unyevu maisha yake yote. Hata fenicha ya miaka mia hufanya hivyo.

Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri kupita kiasi. Elimu hii inafundishwa, na pale Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu chenye kazi hiyo hasa. Lakini sisi wateja pia tunachangia. Tunatoa nusu ya fedha leo na kesho tunapiga simu kuuliza imefikia wapi. Fundi anayelala njaa akisubiri mbao zikauke, na jirani yake anauza mbichi na kula, atasubiri mpaka lini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua meza ya mbao, usiishie kuipapasa juu. Omba igeuzwe, au inama uingie chini. Ukikuta mikingamo imebandikwa kwa gundi na misumari kukata upana, rudisha pochi mfukoni. Muulize fundi bao litapita wapi likinenepa. Akikuonesha matundu marefu au vifungo vinavyoteleza, mlipe anachotaka, tena usimharakishe.